Kiti cha Nyuma

Juzi nilipeleka gari langu kuoshwa pale Maili Moja, Kibaha, kwa vijana wenye pampu karibu na stendi. Mwanangu alikuwa amemwaga maziwa kwenye kiti cha nyuma, na jua la siku mbili lilikuwa limeyafanya maziwa yale kuwa mazungumzo ya kila aliyepanda. Kijana mmoja akafungua milango yote minne, akapulizia kiti dawa fulani ya kwenye chupa, akaanza kusugua. Harufu ya limau ikanifikia nikiwa nimekaa kwenye benchi. Limau juu ya kitambaa kilicholowa, na chini yake, kwa mbali, kile ambacho limau limeletwa kukifukuza. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikazunguka gari, nikaenda hadi barabarani nikarudi. Kijana akaniuliza kama nina haraka, nikamwambia sina. Ningemwelezaje kwamba amenirudisha kwenye mwaka niliokuwa na miaka kumi na moja, mwaka ambao sikuweza kutulia mahali pamoja?

Baba yangu alikuwa fundi wa mafriji. Tulikaa nyuma kidogo ya Maili Moja, kwenye nyumba yenye uwanja wa mchanga mweupe ambao kuku waliuchimba mchana kutwa. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lililokwisha kupita mikono mingi kabla ya kufika kwake, na buti lake lilijaa spana na mitungi ya gesi. Watu walimjua Baba kwa mambo mawili: akisema atakuja saa nne anakuja saa nne, na gari lake halina vumbi. Alikuwa akisema kwamba fundi mwenye gari chafu huonyeshwa friji kwa mbali, mlango ukiwa umefungwa.

Kuosha gari kwake kulikuwa na sheria, na mwanafunzi wa sheria hizo nilikuwa mimi, mtoto wake wa pekee. Tulianza Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado la kuchezea. Bonneti yenye moto haimwagiwi maji. Vumbi kavu halifutwi kwa kitambaa kikavu, maana ni sawa na kupiga rangi msasa. Linamwagiwa maji kwanza, liondoke lenyewe kwa hiari. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji, na ole wako uzichanganye. Unaanza kwenye paa, unashuka pamoja na maji, matairi yanakuja mwisho, na kitambaa cha matairi kilikuwa chekundu ili kisije kikajisahau kikapanda juu. Sabuni ya unga ilipigwa marufuku kabisa. Vioo vilimaliziwa kwa gazeti la zamani, na hapo ndipo Baba aliposoma habari za miezi mitatu iliyopita, akiinama mbele ya kioo kwa muda mrefu mpaka nikamkumbusha kazi.

Vijana wa pampu, ambao siku zile walikuwa wachache, aliwapita akitazama upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya baa. Kitambaa kimoja toka tairi mpaka kioo, alisikitika, na povu jingi la kuwafurahisha wasiojua. Miezi ya shida ya maji tuliosha gari zima kwa ndoo moja, na siku hizo ndizo alizojivunia zaidi.

Sehemu yangu mimi ilikuwa chini. Rimu, vifuniko vya rimu, na ule uvungu ulioko juu ya tairi ambako tope hujificha. Mkono wangu ulikuwa mdogo, uliingia mahali ambapo wa Baba haukuingia. Nililijua gari lile upande wa chini kama ninavyoyajua meno yangu kwa ulimi.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo kulikuwa na mimba mbili zilizotoka, ambazo sikuambiwa lakini nilizijua, kwa jinsi sauti zilivyoshuka nyumbani na kwa jinsi wanawake walivyokuja na uji. Safari hii daktari alimwambia alale. Asiinue ndoo, asipande gari, alale mpaka siku zake zitimie. Mama alikuwa mtu wa kutembeza vitenge, miguu yake ilikuwa imezoea kufika Mlandizi na kurudi, na kitanda kilimshinda. Aligeuka, akageuka tena, akaniita nimwambie ni nani amepita njiani, akaniita tena nimwambie amevaa nini. Likizo ya Desemba ilinikuta mimi ndiye macho yake, na nadhani nilirithi kuhangaika kwake kama mtu anavyoambukizwa kikohozi.

Mama yake Mama, Bibi Zaina, alikaa Maneromango, kijijini upande wa Kisarawe. Mimi aliniita mke mwenzangu, na kila nilipokwenda kwake tuligombana kwa raha kuhusu marehemu Babu, nani kati yetu alipendwa zaidi. Msimu ule hakuja kumwangalia mwanawe. Alipiga simu kila jioni. Korosho zimeanza kuanguka, alisema, hana wa kumwachia. Akimaliza kuokota atakuja. Mama alinung'unika kwamba mama yake amependa korosho kuliko mtoto, kisha akacheka, kisha akageukia ukutani.

Basi, Jumanne moja Baba alirudi jioni na gari likiwa safi.

Halikuwa safi la kufutwa. Lilikuwa limeoshwa, limesuuzwa, na kiti cha nyuma kilikuwa na unyevu. Nilimuuliza, akasema ameosha njiani, kulikuwa na tope. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Jumanne iliyofuata, tena. Mwanzo nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Jumamosi tulichukua ndoo zetu mbili tukasimama mbele ya gari lisilokuwa na kitu cha kuoshwa, na Baba akapitisha sponji juu ya paa kama anayempapasa mtu aliyelala, huku akili yake iko mbali. Hata gazeti hakulisoma.

Nikaanza kuchunguza. Sijui neno zuri zaidi la kuliita jambo lile. Baba akiingia kuoga, mimi niko kwenye gari. Nilinusa viti. Kiti cha nyuma kilinuka limau na siki. Chini yake nilikuta soksi ya kiume iliyofungwa fundo, na ndani ya soksi vipande vya mkaa. Hilo lilinisimamisha, kwa sababu nilimsikia Baba mara nyingi akiwashauri wateja waweke mkaa ndani ya friji, hunywa harufu yote. Sasa kulikuwa na harufu gani ndani ya gari letu, ya kunyweshwa mkaa? Kwenye buti, nyuma ya sanduku la spana, kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake kanga mpya, mbichi ya kufuliwa, ambayo haikuwa ya Mama. Kanga za Mama nilizijua zote. Mimi ndiye niliyezianika.

Wanawake waliokuja kumtazama Mama walikaa kitandani kwake wakazungumza, na mimi nilikaa mlangoni nikichambua mchele taratibu kuliko ulivyohitaji. Nilikuwa nimeshasikia habari za waume na nyumba ndogo. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mwanamume akianza kuoga kabla ya kurudi kwake, kuna mahali anatoka. Hakuna aliyesema habari za mwanamume anayeliosha gari, lakini hesabu hiyo niliimaliza mwenyewe.

Kwa siku kumi hivi sikula vizuri. Nilikwenda dukani nikasahau nilichotumwa. Nilimtazama Baba akila, nikatazama mikono yake, ambayo ilikuwa imeanza kuchubuka kwenye vifundo, na nikamchukia kwa muda, kisha nikampenda kwa nguvu zaidi kwa sababu nilimchukia.

Jumatano moja asubuhi Baba alikwenda kazini kwa miguu, mahali pa karibu, akaliacha gari uwanjani. Nikalala chali kwenye mchanga, nikaingiza mkono juu ya tairi la nyuma, kule ndani kabisa. Kidonge cha tope kilikuwa kimeganda pale, kikubwa kama kipande cha sabuni. Kilipovunjika mkononi kilikuwa chekundu. Kibaha kwetu tope ni la kijivu, lina mchanga. Na kwenye kipande kile kulikuwa na kishada kidogo cha maua makavu ya mkorosho.

Nilikipeleka chumbani nikakiweka kwenye kiganja cha Mama.

Mama alijiinua, akakaa. Alikivunja, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye gari. Juu ya tairi."

"Huu udongo wa kwetu," akasema. "Wa nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nimeuchezea."

Akachukua simu akampigia Bibi. Walisalimiana, akauliza korosho, akauliza mvua, kisha akauliza, kama jambo la kupita tu, kama Baba, baba Mwaju kama walivyomwita, amefika huko siku za karibuni. Nilikuwa karibu nikasikia jibu.

"Mkwe wangu aje kufanya nini huku?" alisema Bibi. Alisema upesi sana, na kisha akakohoa, akasema chaji inakwisha.

Mama akaiweka simu juu ya mto. Alionekana kama mtu aliyepigwa na mlango aliodhani umefungwa. Mume kuwa na mtu ni jambo moja, nadhani aliwaza. Mume kuwa na mtu kijijini kwenu, na mama yako mzazi akajua, na akamsaidia kuficha, hilo ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipomwaga vyote nilivyokuwa navyo. Limau, siki, soksi ya mkaa, kanga. Nilivisema kwa haraka, na ninaona haya kukiri kwamba nilipokuwa nikisema nilijisikia vizuri, mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

Alhamisi Mama alishinda amegeukia ukutani. Baba alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Ijumaa Baba aliondoka alfajiri; ilipofika saa nne Mama alishuka kitandani akavaa baibui.

Nilimkumbusha daktari.

"Vaa viatu," akasema.

Tulipanda daladala mpaka Mlandizi, akamfuata mwenye gari la Noah mmoja, mume wa mteja wake wa vitenge, akamwomba atupeleke Maneromango. Barabara ile wanaoijua wanaijua, na kwa mvua za vuli ilikuwa imekatika mahali pengi. Mama alishika mshikio wa juu kwa mikono miwili, na kila shimo lilipokuja alijinyanyua kutoka kwenye kiti ili tumbo lisipate kishindo. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Dereva alimtazama kwenye kioo, akapunguza mwendo, Mama akamwambia aongeze. Mimi nilikuwa nimeanza kuomba tusikute kitu. Baadaye niliomba gari liharibike. Mara mbili nilifungua mdomo kusema kwamba nimedanganya, udongo ule niliuokota shuleni, turudi; na mara mbili nikaufunga, kwa sababu niliona uso wake. Kanisa la zamani la misheni likapita upande mmoja, tukaingia njia ya kwa Bibi.

Mama alikusudia kuanzia kwa mama yake, amseme mpaka aseme ukweli. Hakuhitaji. Gari jeupe lilikuwa nyuma ya nyumba.

Milango yote ilikuwa wazi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa kizima, kimeegemezwa kwenye ukuta wa udongo kikitazama jua. Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake, suruali ameikunja mpaka magotini, brashi mkononi, ndoo mbili pembeni, na nusu za malimau zimetapakaa chini. Alikuwa akisugua taratibu, kwa mistari, kutoka juu kwenda chini kama alivyonifundisha. Kanga tatu zilining'inia kwenye kamba, zinachuruzika.

Alipotuona alisimama. Kitu cha kwanza alichotazama ni tumbo la Mama.

"Umeambiwa ulale," alisema.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Baba alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, kisha akaiweka brashi ndani ya ndoo, ndoo ambayo siyo, ile ya kusuuzia. Sikuwahi kumwona akikosea ndoo.

"Yuko ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia. Lakini ingia polepole."

Mama akaingia. Nilingoja kelele. Nilikuwa nimeshazisikia kichwani siku nyingi, nilijua hata maneno. Badala yake nikasikia sauti ya Mama ikisema "Mama", mara moja, kwa namna ambayo mimi humwita nikiamka na homa.

Nilisogea mpaka mlangoni. Bibi Zaina alikuwa amelala kwenye mkeka, na alikuwa mdogo. Mwili ule uliokuwa ukijaza mlango wa jiko ulikuwa umekwisha, yamebaki macho na mifupa ya mashavuni. Alivuta kanga akafunika uso, na nilidhani anajificha kwa Mama, mpaka nilipoona kwamba anatazama mlangoni, kuona kama mkwe wake amesogea.

Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Jina la kweli la ugonjwa huo sikuambiwa mpaka miaka mingi baadaye. Ulikuwa umeharibu mambo ndani, akawa hawezi kuzuia mkojo, na damu ilitoka bila kumuuliza. Jumanne na Ijumaa ilimbidi afike kliniki mjini Dar es Salaam, na kutoka kule kwake hapakuwa na gari jingine la kumchukua mtu wa hali ile. Alimpigia Baba badala ya binti yake. Alimwambia, na haya niliyapata kwa vipande, kwamba akimwambia Mama, Mama atasimama kitandani siku hiyo hiyo, na mimba ya tatu itatoka kama mbili za kwanza. Asubiri mpaka Mama ajifungue. Akamwapisha.

Kama humjui mkwe wa kwetu hutaona uzito wake. Baba hakuwahi kula mbele ya Bibi. Hakuwahi kumshika mkono. Bibi akija Kibaha kwa mlango wa mbele, Baba alitokea wa nyuma, akamwamkia kutoka uwanjani huku anatazama mti. Miaka kumi na mbili, mbali na salamu hiyo, walikuwa wamezungumza kwa kupitia watu wengine. Na sasa mara mbili kwa wiki mwanamke yule alikaa nyuma yake saa tatu za kwenda na saa tatu za kurudi, juu ya kanga zilizokunjwa mara nne, akijua kinachotokea chini yake, na akijua kwamba mkwe wake anajua.

Nilirudi pale ukutani. Baba alikuwa amepiga magoti tena, lakini hasugui. Nilipiga magoti upande wa pili wa kiti.

"Nani amemwambia mama yako?" aliuliza, bila ukali.

"Mimi."

"Umejuaje? Nimeliosha lote pale Mlandizi."

"Tope la juu ya tairi la nyuma. Kule ndani."

Alifikiri. "Mimi mkono wangu haufiki," alisema, na kwa kitambo kifupi sana aliniangalia kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake. Kisha akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Uchungu ulimshika Mama alasiri ile ile. Dereva wa Noah alikuwa ameshaondoka. Baba alikirudisha kiti kikiwa kimelowa, akatandika nailoni, akatandika mkeka, Mama akalazwa juu yake. Tuliambiwa hospitali ya karibu ni ya Kisarawe mjini. Bibi, ambaye siku hiyo alibebwa kushuka garini, alisimama mwenyewe akashika mlango, akasema mwanawe hatoki hapa bila yeye. Nafasi ilikuwa moja, ya mbele. Mimi niliingia kwenye upenyo wa miguuni, nyuma, nikashika kichwa cha Mama.

Hivyo ndivyo Bibi Zaina alivyokaa kando ya mkwe wake, kanga imemfunika mpaka puani, kwenye barabara ya tope, mvua imeanza. Tulikwama mara moja, watu wa shambani wakatusukuma. Tope lilirukia mpaka kwenye vioo, na Baba hakuwasha hata waipa ya nyuma.

Uchungu ulitulizwa. Walimlaza Mama karibu wiki tatu, na mdogo wangu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate wa bofulo, na akaishi. Anaitwa Zaina, yuko chuo, analala mpaka saa nne. Bibi alimpakata kwa miezi mitatu na kidogo. Alifariki masika yalipokuwa yamekolea, Mama akiwa pembeni yake, na Mama ndiye aliyemwosha.

Gari lilikaa na tope lile siku nane. Nilichota maji, nikapanga ndoo, Baba akaniambia niache. Watu wa Maili Moja walimtania barabarani, fundi kulikoni, naye alitabasamu akapita.

Katika miezi ile mitatu Bibi hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita Mwajuma, kwa upole kabisa, na nilidhani amenikasirikia. Nililia kwa sababu hiyo mara nyingi kuliko nilivyolia alipokufa. Leo nadhani utani wetu ulihitaji mtu mwenye afya na nguvu za kugombana, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile nikaona kwamba hayupo.

Nilipokuwa mkubwa niliwauliza wazazi wangu, kila mmoja kwa wakati wake, kama nilikosea. Nilidhani najua watakavyojibu. Mama, ambaye kwa kiherehere changu alipata kukaa na mama yake mpaka mwisho, alisema ingekuwa afadhali ningenyamaza; mama yake alitaka jambo moja tu duniani, mwanawe asijue hali yake kabla ya kujifungua, na hilo moja hakulipata. Baba, aliyeapa na akaadhirika, alisema ilikuwa afadhali nilisema, kwa sababu yeye alikuwa amechoka na hakujua namna ya kusimama. Nimejaribu kukaa katikati ya majibu hayo mawili. Mpaka leo sijapata pa kukalia.

Kuna jambo moja la safari ile ya Kisarawe ambalo sijalisema. Tulikuwa tumeshapita mashimo mabaya, tunapanda vilima, na Mama alikuwa amefumba macho. Bibi alizungumza, akitazama mbele, kanga ikiwa bado mdomoni. Yalikuwa maneno ya kwanza niliyowahi kumsikia akimwambia Baba moja kwa moja.

"Umehangaika sana na kiti cha nyuma, baba."

Baba alibadilisha gia. Alitazama barabara.

"Kiti gani, mama?" alisema.

Nikiwa chini kule miguuni, maji ya kiti yakinilowesha mgongo, nilikasirika. Nilidhani hakusikia, au amechoka mpaka akili imemwisha. Kiti gani tena, wakati mikono yake imechubuka kwa kukisugua? Nilitaka kuinua kichwa nimwambie. Kisha nikasikia Bibi akicheka, kicheko kidogo, kikavu, kilichodumu kupita ugonjwa ulivyomruhusu, na nikamwona akishusha kanga usoni. Alibaki hivyo, uso wazi, kando ya mkwe wake, mpaka tukafika.